Mali bila daftari, na daftari bila mali

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni

Ndugu wasikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya kazi ambayo watu wengi huiona ni ya makarani tu, nayo ni kuhesabu mali iliyomo stoo. Sina maana ya kuihesabu vitabuni. Nina maana ya kufungua mlango, kuingia ndani, kupanda juu ya magunia, kugusa kila kitu kwa mkono na kusema: moja, mbili, tatu.

Wazee wetu walituachia methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ni methali nzuri, lakini naona tumeielewa nusu. Tumenunua madaftari, tumefungua leja, na siku hizi tumenunua kompyuta, kisha tumekaa tukidhani kwamba mali sasa iko salama. Daftari halilindi mlango. Daftari ni maneno ya mtu. Linasema kile alichoandika, na linanyamaza juu ya kile alichosahau, alichokosea au alichoficha. Kwa hiyo naomba ruhusa ya wazee niiongezee methali yao mkia: na daftari lisilolinganishwa na mali yenyewe hudanganya bila haya.

Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, na itanibidi nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 1984 nilikuwa karani kijana katika stoo ya vifaa vya ujenzi ya shirika moja la umma huko mkoani. Jina la shirika na la mkoa niyaache. Mtunza stoo wetu alikuwa mzee mmoja mtaratibu, ambaye alizishika funguo zile tangu mimi niko shule ya msingi.

Wanaoukumbuka wakati ule wanajua hali ilivyokuwa. Saruji, mabati, sabuni, hata karatasi za kuandikia, vyote vilikuwa bidhaa adimu. Msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umepita mwaka mmoja tu nyuma, mwaka 1983, na neno "upungufu" likitamkwa ofisini, watu waliinamisha vichwa.

Jumamosi tarehe 30 Juni tulikuwa tunafunga mwaka wa fedha. Alikuja mhasibu wetu, akaja na mkaguzi kutoka makao makuu, tukaanza kuhesabu tangu saa mbili asubuhi. Mzee alihesabu na kutaja, mimi niliandika. Tulianza na misumari, tukaenda kwenye rangi, bawaba na vitasa. Saruji tuliiacha ya mwisho kwa sababu ya vumbi lake.

Kiasi cha saa nne, wakati mhasibu na mkaguzi wamekwenda kunywa chai, lori likapiga honi langoni. Dereva alikuwa na barua ya meneja, isiyo na tarehe: apewe mifuko 60 ya saruji, kwani ujenzi wa shule moja umesimama. Mzee alikataa. Alisema leo tunahesabu, lango limefungwa, njoo Jumatatu. Dereva akaondoka, akarudi na meneja mwenyewe. Meneja akasema watoto hawawezi kuendelea kukaa juani kwa sababu ya hesabu zenu. Mzee akafungua lango.

Kitabu cha hati za kutolea mali kilikuwa kimekwisha, na kipya tulikuwa tumekiagiza tangu Aprili. Mzee akaandika kwenye kipande cha karatasi: saruji, mifuko 60, tarehe, namba ya lori. Dereva akaweka sahihi yake. Mzee akanikabidhi kipande kile akaniambia, "Mwanangu, iingize hii katika leja kabla hatujafika kwenye saruji." Nikajibu, "Ndiyo, mzee." Nikakibana pamoja na karatasi zangu za rafu, nikaendelea kuandika vitasa.

Saa tisa alasiri tukafika kwenye saruji. Leja ilisema mifuko 340. Tukahesabu 280. Tukarudia, ikawa 280 vile vile. Mkaguzi akaandika: upungufu, mifuko 60.

Mzee akasema mifuko hiyo ndiyo iliyochukuliwa na lori la asubuhi. Mkaguzi akafungua leja, akaona kwamba siku nne nyuma shule ile ile ilikwisha pewa mifuko 60 kwa hati halali. Akasema barua ya meneja ni ya siku ile, na mzee anataka kuitumia mara mbili. Meneja alipoulizwa alikiri kwamba alifika stoo, lakini kilichopakiwa, alisema, hakukihesabu. Nadhani hakutaka iandikwe kwamba yeye ndiye aliyefungulisha lango siku ya hesabu. Dereva naye alikwisha pelekwa safari ya mbali.

Ndipo mzee akanigeukia mbele ya wote. "Mwanangu, ile karatasi niliyokupa." Nikatafuta mezani, nikatafuta katika leja, nikatafuta mifukoni mwangu. Sikuiona. Na hapo, ndugu wasikilizaji, nilifanya kosa kubwa kuliko lile la kuipoteza. Nilikuwa na umri wa miaka 23, nikaogopa. Nikasema, "Sikumbuki vizuri."

Mzee hakujibu. Alifungua funguo kutoka mkanda wake, akaziweka mezani.

Jumatatu alisimamishwa kazi, na polisi wakamhoji. Habari zilifika mtaani kabla yeye hajafika. Mkewe alikuwa akiuza maandazi barazani kwao, na katika wiki ile majirani waliacha kuwatuma watoto wao pale.

Siku 19 baadaye, mdogo wangu aliyekuwa darasa la nne alikuwa akifanya hesabu zake za shule nyuma ya zile karatasi zangu za rafu. Mimi nilikuwa nimekwisha nakili takwimu kwenye fomu safi, na kwa kuwa madaftari ya shule yalikuwa hayapatikani, nilizileta nyumbani azitumie. Akaniletea kipande kidogo kilichokuwa kimejibana katikati ya karatasi mbili. "Kaka," akasema, "hiki hakina nafasi ya kuandika." Nilikisoma: saruji, mifuko 60, tarehe 30 Juni, namba ya lori, sahihi ya dereva.

Usiku ule sikulala. Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa meneja.

Mzee aliitwa arudi kazini. Jioni nilikwenda kwake, nikamwamkia, nikamwomba radhi nikiwa nimesimama. Aliniambia nikae, nikaletewa chai. Juu ya ile karatasi hakutaka tuzungumze. Alisema tu, "Kesho uje mapema. Funguo sizipokei kwa mdomo. Tutahesabu upya kila kitu, tuanze na misumari." Tulihesabu siku tatu. Hakuzigusa zile funguo mpaka yeye, mimi, mhasibu na meneja tulipotia sahihi kila ukurasa. Alikaa miaka miwili zaidi, akastaafu. Biashara ya maandazi ya mkewe haikurudi kuwa kama zamani.

Ndugu wasikilizaji, mzee yule alinifundisha jambo ambalo hakulisema kwa maneno. Sisi huchukulia kwamba kuhesabu mali ni kumtafuta mwizi. Ndiyo maana siku ya hesabu ikifika, mtunza stoo hununa, na mkubwa wake huona aibu kumwingilia mtu anayemwamini. Lakini aliyedai kuhesabu upya hakuwa mkaguzi. Alikuwa ni mtu mwaminifu aliyekwisha kuumizwa na hesabu mbovu. Alijua kwamba mtu mwaminifu hana shahidi mwingine isipokuwa hesabu iliyofanywa sawasawa.

Sasa basi, hesabu iliyofanywa sawasawa ni ipi? Nimefanya kazi hizi za stoo na za uhasibu kwa zaidi ya miaka thelathini baada ya hapo, na mengi niliyojifunza yamo katika siku ile moja ya Juni.

Jambo la kwanza, lango lifungwe. Kabla ya kuanza, iandikwe namba ya hati ya mwisho iliyopokelea mali na namba ya hati ya mwisho iliyotolea mali, na hati zote za nyuma ziwe zimekwisha ingizwa katika leja. Kisha kisiingie kitu wala kisitoke kitu. Likitokea la dharura kweli, kama dawa ya mgonjwa, basi kinachotoka kiandikwe papo hapo mbele ya kamati nzima, si mbele ya mtu mmoja wakati wengine wako kwenye chai. Mzigo unaofika siku hiyo uwekwe kando, usichanganywe.

Jambo la pili, anayehesabu asiambiwe leja inasema nini. Ukimwambia mtu kwamba panatakiwa kuwa na makopo 48, jicho lake litayatafuta 48 mpaka liyapate. Mpe karatasi yenye jina la kitu na nafasi tupu, ajaze alichokiona. Ulinganishaji ufanywe baadaye na mtu mwingine.

Jambo la tatu, mtunza stoo awepo, aonyeshe kila kitu kilipo, lakini asiwe yeye mwenye kuhesabu. Sisi tulimwachia mzee ahesabu mali aliyokuwa akiilinda mwenyewe, tukamwondolea ulinzi wake. Watu wawili wengine wahesabu, mmoja akitaja na mmoja akiandika, na mwandishi arudie kwa sauti alichoandika. Kilichokwisha hesabiwa kipigwe alama ya chaki, kisihesabiwe mara mbili au kurukwa.

Jambo la nne, hesabu kwa mkono, si kwa macho. Magunia yakipangwa vizuri, kwa mbele utaona ukuta, na katikati panaweza kuwa patupu kama kisima. Panda juu utazame. Vitu vya katoni fungua katoni, angalau baadhi, maana katoni tupu husimama sawasawa na iliyojaa. Tena uangalie kipimo. Nimeona ugomvi wa siku mbili uliotokana na leja kuandika dazani na wahesabuji kuandika kimoja kimoja. Hakuna aliyeiba, ila kila mmoja alikuwa akihesabu kwa lugha yake.

Jambo la tano, hesabu kwa njia mbili. Toka katika leja uende kwenye rafu, uone kama kilichoandikwa kipo. Kisha toka kwenye rafu urudi katika leja, uone kama kilichopo kimeandikwa. Wengi hufanya ile ya kwanza tu, na vitu visivyo na jina kitabuni hukaa pembeni mpaka mtu anayejua habari zake avichukue.

Jambo la sita, karatasi za rafu ni ushahidi. Ziwe na namba, zirudi zote, zifungwe na kuwekwa. Zisigeuke madaftari ya watoto.

Na la mwisho, tofauti ikionekana, hesabu tena, kisha tafuta karatasi, kisha waulize watu, na neno "wizi" liwe la mwisho kutamkwa. Nikisema tofauti nina maana ya pande zote mbili. Ikipatikana ziada, maofisi mengi hufurahi kana kwamba imeshuka neema. Ziada nayo ni ugonjwa. Maana yake kuna mtu alilipia kumi akapewa nane, au kuna mali iliyopokelewa bila kuandikwa na inangoja kutoka bila kuandikwa.

Huenda mwenzangu mmoja anajisemea kwamba haya ni mambo ya vijistoo vyetu, na kwamba kwenye makampuni makubwa ya ulaya na kwingineko wana vitabu vya kutosha na wakaguzi waliosoma. Napenda tukumbushane mambo mawili yaliyotokea Marekani.

Mwaka 1938 iligundulika kwamba kampuni kubwa ya madawa iitwayo McKesson & Robbins, ambayo vitabu vyake vilionyesha mali ya dola milioni 87, ilikuwa na mali hewa ya kiasi cha dola milioni 19. Karibu milioni 10 katika hizo zilikuwa malighafi za dawa zilizodaiwa kuwekwa katika maghala huko Kanada. Dawa hizo hazikuwapo. Mkuu wa kampuni alijiita F. Donald Coster, lakini jina lake la kweli lilikuwa Philip Musica, mtu aliyewahi kuhukumiwa zamani kwa udanganyifu. Yeye na ndugu zake, nao wakiwa na majina ya bandia, walitengeneza hati za kununua na kuuza vitu visivyokuwapo. Wakaguzi walikagua hati, na hati zililingana. Kwa nini zisilingane, ikiwa mtu mmoja ndiye aliyeziandika zote? Hakuna aliyekwenda ghalani kugusa. Mambo yalipofichuka, Musica alijiua mwezi Desemba mwaka huo huo. Mwaka uliofuata, 1939, wahasibu wa Marekani wakaweka utaratibu kwamba mkaguzi wa hesabu awepo mali inapohesabiwa. Yaani taifa tajiri lilipoteza mamilioni ndipo likajifunza kufungua mlango wa ghala.

La pili lilitokea mwaka 1963, na hili linatuonya kwamba hata kufika ghalani peke yake hakutoshi. Mfanyabiashara aitwaye Tino De Angelis alikuwa na matangi makubwa ya mafuta ya kula mjini Bayonne, katika jimbo la New Jersey. Kwa kutegemea hati zilizosema matangi yamejaa mafuta ya soya, mabenki na makampuni yalimkopesha fedha nyingi. Wakaguzi walifika. Walipanda juu ya matangi, wakatumbukiza kipimo, wakaona mafuta. Lakini mafuta huelea juu ya maji, na chini ya tabaka lile la mafuta mengi ya matangi yale yalikuwa na maji. Hasara ilizidi dola milioni 150.

Muuza mafuta ya taa yeyote wa gulioni angewaambia. Yeye akinunua pipa huchovya ufito mpaka uguse chini, akauvuta, akautazama ulivyolowa kuanzia ncha.

Leo hii, ndugu wasikilizaji, tuna kompyuta. Dukani mwuzaji anapitisha bidhaa kwenye mashine, na mashine inapunguza yenyewe. Ni jambo jema. Lakini kompyuta ni leja yenye mbio, basi. Haijui kwamba panya wametoboa gunia, kwamba chupa tatu zimevunjika, kwamba kijana wa zamu ya usiku amesahau kuingiza mzigo. Ikilishwa uongo, itaurudia uongo huo kwa haraka na kwa herufi nzuri, na watu watauamini zaidi kwa sababu umetoka katika mashine.

Tuchukue mfano wa zahanati. Bohari Kuu ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, ndiyo inayosambaza dawa katika vituo vya umma nchini Tanzania, na kituo huagiza kwa kutazama kilichotumika na kilichobaki. Sasa kama rekodi inasema zimebaki kopo 30 za dawa fulani, na rafuni zimebaki kopo 4, mwagizaji ataona hakuna haja ya kuagiza. Kopo 4 zitakwisha. Mama atafika usiku na mtoto mwenye homa, ataambiwa dawa hakuna, na pale pale juu ya meza rekodi itakuwa ikisema zipo. Au kopo 30 zipo kweli, lakini 20 zimepita tarehe ya kutumika, kwa sababu mpya ziliwekwa mbele na za zamani zikasukumwa nyuma. Aliyehesabu makopo bila kusoma tarehe amehesabu takataka akaziita dawa. Dawa inayokaribia kwisha muda ndiyo itangulie kutoka.

Kwa kazi kama hiyo, kungoja tarehe 30 Juni ni kuchelewa. Hesabu kidogo kidogo: wiki hii rafu hii, wiki ijayo rafu ile, na vile vyenye thamani au vinavyookoa maisha uvihesabu mara nyingi zaidi kuliko pamba na sindano. Mwenye duka la mtaani naye anaweza kuhesabu vitu vitano kila jioni kabla ya kufunga, akalinganisha na daftari lake. Haimchukui dakika kumi. Kosa la jana utalikumbuka leo, lakini kosa la Julai iliyopita utalitafutia mtu wa kulibeba. Na anayebebeshwa, mara nyingi, ni yule mwenye funguo.

Ninyi wakubwa wa maofisi, wenyekiti wa vyama vya ushirika, wamiliki wa maduka, nawaombeni siku ya kuhesabu ikifika msitume barua ya kufungulisha lango. Nanyi makarani vijana, mkiulizwa karatasi iko wapi na hamjui, semeni, "Nilipewa, nimeipoteza mimi." Maneno hayo ni machungu kwa dakika moja. Mimi sikuyasema, na hadi leo nikipita mahali wanauza maandazi nayakumbuka.